Ndugu Chomba, Ambaye Bado

Florentine alikuwa akiomba kwa tarehe. Watu wengine huomba, wakaacha hapo. Yeye aliomba kama mtu anayeagiza nyanya kwa dereva wa gari la Mwansabombwe: zije lini, zishushwe wapi, na zisipofika nani ataulizwa. "Mungu Baba, huyu bwana yangu abatizwe mbele ya Pasaka," alisema. Pasaka ikipita, alimnunia Mungu siku kadhaa, kisha akamrudia na habari ya Noeli.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka, basi. Haraka hiyo alizaliwa nayo ng'ambo ya ziwa, Kilwa, upande wa Kongo, katika nyumba ya mvuvi, na mama yake alipenda kusimulia kwamba hata kuzaliwa kwake hakumngoja mkunga. Mihogo aliyoiloweka aliitoa majini kabla haijalainika, akasema imelainika. Bukari yake, ugali wa mihogo, ilikuwa na uchungu uliojulikana Kashikishi nzima, huku upande wa Zambia, na wageni wake walijifunza kushiba mapema. Kanisani aliitikia amina wakati pasta bado anavuta pumzi.

Hata kuolewa aliharakisha. Alikuwa msichana anayevuka na akina mama wa Kilwa kuleta mawese kwenye soko la Kashikishi. Kijana mmoja mvuvi, Chomba, mzaliwa wa huku huku Nchelenge, alikuwa akinunua mawese kwake kila soko, na kila mtu alijua kwamba nyumbani kwa kijana huyo hapakuwa na wa kupika. Kiangazi kizima alinunua, akashukuru, akaondoka. Siku moja Florentine alimpimia mafuta, akaishika chupa asimpe.

"Weye, uko unangoja nini?" akamuuliza.

Chomba alifikiri. Kibemba ndicho lugha yake. Kiswahili alikiokota sokoni, na kila neno alilipima kabla ya kulitoa. "Nilikuwa naangalia kwanza," akasema.

Haukupita muda, wazee wa pande mbili walikuwa wameketi, na Florentine akahamia Zambia na sufuria zake. Walizaa, wakalea. Binti yao mkubwa, Felistus, aliolewa Mwansabombwe. Kwa hiyo mume alimwita mkewe Bana Felistus, kama Wabemba wanavyoita, naye alimwita Baba Felistus, na maisha yakaenda.

Sasa, mume kama Chomba ana shida moja: hana shida. Hapigi, halewi, haibi. Ijumaa, akina mama wa kanisa walipokutana kuwaombea waume, mmoja alilia juu ya pombe, mwingine alilia juu ya nyumba ya pili, na Mama Yolande, mkubwa wa akina mama, alikemea kila pepo kwa jina lake. Zamu ya Florentine ilipofika alikuwa na neno moja tu: bwana yangu hajabatizwa. Wenzake walimtazama kama watu walioombwa chumvi na mwenye duka.

Kanisa lenyewe lilikuja na wakimbizi. Mwaka ule wa 2017 watu walivuka kwa mitumbwi wakikimbia vita, wakapokewa kambini Kenani, na baadaye wengi walipewa mashamba kule ndani msituni. Wengine walishuka Kashikishi kutafuta maisha sokoni, na Pasta Ruffin alishuka na hao. Alikuwa mtu wa milimani, mwenye sauti kubwa na viatu safi, na maji makubwa kuliko yote aliyoyajua yalikuwa ya mto unaovukwa kwa kukanyaga mawe. Florentine, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameimba nyimbo za Kibemba kwa mdomo tu, alisikia watu wakiomba Kiswahili cha kwao, akaingia, akakaa benchi la mbele. Chomba alimfuata, akakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mlango haukuwepo bado. Palikuwa na nguzo, mabati ya upande mmoja, na ukuta uliofika kiunoni.

Bwawa la kubatizia halikuwepo hata kwa ndoto. Ziwa lilikuwa pale pale, mwendo wa wimbo mmoja, kwenye uwazi katikati ya matete ambapo wavuvi hupitisha mitumbwi. Siku ya ubatizo wa kwanza Pasta Ruffin na watu wake waliingia maji ya kiunoni wakiimba. Chomba alikuwa ameketi mchangani anashona wavu, akawatazama. Juma lile lile, mahali pale pale, mamba alikuwa amechukua mbuzi wa watu. Wenyeji wote walijua. Hakuna aliyewaambia wageni, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba mtu mzima na akili zake ataingia pale asimame kuimba. Chomba aliweka wavu chini, akachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akaingia majini na nguo zake, akawazunguka, akasimama upande wa nje, kati yao na ziwa. Akapiga maji kwa mti. Wao walidhani anashangilia.

Pasta Ruffin alipoelezwa baadaye habari za mbuzi aliomba kiti. Tangu hapo hakuna ubatizo uliofanyika bila Chomba, na kila mara, wakati wa matangazo, pasta alisema: "Tunamushukuru Mungu aliyetulinda, na ndugu yetu Chomba, ambaye bado." Maana yake, ambaye hajabatizwa. Neno likamganda. Mpaka sokoni watu walimwita Ndugu Bado, naye aliitika. Miaka ikapita. Watu walizama na kuibuka wapya, wakatoka wakiimba, naye akarudi kwenye wavu wake akiwa Chomba yule yule, ameloa.

Halafu Davies akafa. Davies alikuwa mwenzake Chomba wa mtumbwi tangu ujana. Alitoka siku moja peke yake, upepo ukamgeuza, na ziwa likamrudisha baada ya siku chache. Naye alikuwa bado. Kwenye mazishi, wazee wa kanisa walijitenga pembeni kujadili kama inafaa kuimba. Wakaimba wimbo mmoja, mfupi. Pasta aliwaombea wafiwa, na juu ya Davies mwenyewe hakusema neno. Florentine aliona yote hayo akiwa amesimama karibu na kaburi. Aliogopa. Tangu siku hiyo, Chomba akisukuma mtumbwi alfajiri, mkewe alisikia ule wimbo mmoja mfupi. Alimpenda yule mwanamume, ingawa hakuwahi kumwambia, kwa kuwa aliona ni kupoteza wakati. Alitaka siku Chomba atakapokufa aimbiwe mpaka watu wakaukwe koo, na huko aendako akute anatarajiwa.

Basi akaanza kumsaidia Mungu kazi. Alifunga kula, Chomba akamuuliza kama anaumwa. Alisoma Biblia kwa sauti mume akiwa anakula, akichagua mistari yenye moto wa jehanamu. Chomba alisikiliza vizuri, akasema, "Kweli," akaomba mboga. Akachukua mafuta ya upako akayapaka ndani ya mabuti ya mpira ya mumewe, ili njia zake zinyooke. Chomba aliteleza akiwa bado uani, akateguka mguu, na Jumapili hiyo hata benchi la mwisho hakulifikia. Mtu mzima unapaka mafuta mabuti ya mvuvi, unategemea nini?

"Baba Felistus, ubatizo ni mwezi huu," alikuwa akimwambia. "Utabatizwa."

"Nimesikia," Chomba alijibu.

Wakati huo Pasta Ruffin alikuwa akihubiri juu ya kumngojea Mungu, Jumapili baada ya Jumapili. Florentine alilipenda sana somo hilo. Aliona linamhusu Mama Yolande.

Siku moja baada ya ibada alimfuata pasta nyuma ya kanisa. "Pasta, yule bwana yangu, siku ya ubatizo si iko tayari ndani ya mayi?"

"Iko ndani, ndiyo."

"Nguo imeloa?"

"Imeloa."

"Sasa inabakia nini? Inabakia kichwa tu. Umuite pale pale, mbele ya batu. Hataweza kukatala."

Pasta Ruffin alikuna shingo. "Mama Florentine, mutu anakuja yeye mwenyewe."

"Davies alikuja yeye mwenyewe?"

Pasta aliacha kukuna shingo. Na tuseme ukweli, naye jambo hilo lilikuwa likimwasha. Kila mwaka alisimama mbele ya watu akimshukuru mtu aliyelinda kundi lake huku mwenyewe yuko nje ya zizi. "Bon," akasema. "Tutamuita. Mais," lakini ya Kifaransa, "kuita haiko kukamata."

Mashemasi wawili waliopewa kazi hiyo hawakuambiwa tofauti.

Siku ikafika. Florentine alikwenda ziwani na beseni kichwani, na ndani ya beseni, chini ya kitenge, alikuwa ameweka shati jeupe jipya. Watu wakabatizwa mmoja mmoja. Wa mwisho alipoibuka, Pasta Ruffin aligeuka, akanyoosha mkono. "Ndugu Chomba, Bwana anakuita leo." Kwaya ikapokea. Mashemasi, Pitchou upande huu na Patson upande ule, wakamshika mikono.

Chomba kwanza hakumtazama pasta. Alitazama matete. Kisha akatazama ile mikono iliyomshika, mmoja, halafu wa pili, kama mtu anayesoma jambo gumu.

"Awe," akasema, hapana ya Kibemba. "Mutoke bote mu mayi. Bamama kwanza."

Sauti haikupanda. Lakini kulikuwa na kitu ndani yake, na watu walitoka upesi kuliko walivyoingia, wimbo ukafia njiani. Chomba alitoka wa mwisho, akirudi kinyumenyume. Alipofika mchangani alilaza upondo chini, akaona beseni, akainua kitenge.

"Hii shati ni ya nani?"

"Ni ya weye," Florentine akasema.

Aliishika nguo kwa vidole viwili. "Ni nzuri," akasema. Kisha akamgeukia pasta, akamwita kwa heshima ya Kibemba. "Mukwai, mutafute mutu mwingine wa kulinda." Akaenda nyumbani na nguo zake zinatiririka.

Hakugomba. Jioni alikula, akasema asante. Jumapili iliyofuata, ringi la gari linalotumika kama kengele lilipogongwa, alichukua wavu wake akaelekea ufukweni, na Jumapili nyingine vivyo hivyo. Benchi la mwisho likabaki tupu, na hata waliochelewa waliona afadhali kusimama.

Ubatizo uliofuata ulikuwa karibu, na mlinzi hakuna. Pasta Ruffin alipendekeza wachimbe shimo kando ya kanisa, watandike plastiki, wajaze maji. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja ubatizo wake tangu Kenani alisimama kwa shida, akajishikilia kwenye nguzo. "Pasta," akasema, "siye hatuko mihogo." Shimo likaishia hapo. Ubatizo ukaahirishwa, na walioahirishiwa walijua ni kwa sababu ya nani. Mama Yolande alimsalimia Florentine kwa upole mkubwa, jambo lililomuumiza kuliko yote.

Florentine alilia. Alilia kwenye moshi wa kukaushia samaki, ambako mtu haulizwi. Alikuwa amemtaka mumewe asogee hatua moja mbele, naye kamrudisha mpaka nje, na sasa ziwa likimchukua hata ule wimbo mmoja hautaimbwa. Alimkasirikia pasta, akamkasirikia Mungu, na alipomaliza kuwazunguka hao wawili alijikuta amebaki na mtu mmoja tu wa kumkasirikia. Akarudi kwa Pasta Ruffin kutafuta mpango mwingine.

"Sasa tufanye nini?" akamuuliza.

"Mama, tulisha kufanya."

"Ndiyo, mais sasa?"

"Sasa tukae."

"Tukae namna gani?"

Pasta Ruffin alitazama viatu vyake, ambavyo siku hizo havikuwa safi sana. "Sijui," akasema. "Nilihubiri ile neno Jumapili mingi. Sikuwa nimeijaribu."

Kukaa tu, kwa Florentine, kulikuwa ugonjwa. Majuma ya kwanza alitembea nyumbani na mdomo umefunguka nusu, na maneno yote aliyokuwa nayo ya kumwambia mume aliyarudisha tumboni, yakamvimbisha. Maombi yake yalifupika. Tarehe zikatoka, maagizo yakatoka, na mwisho yakabaki maneno machache: "Mungu, niko hapa. Na yeye iko pale." Aliyasema asubuhi, akayasema akichochea moto, na mara nyingi aliyasema kwa hasira. Lakini aliyasema.

Jumapili baada ya ibada alianza kwenda kukaa na Chomba mchangani. Mwanzoni alikwenda kutafuta nafasi ya kuongea. Nafasi haikuonekana, na wavu ulihitaji mtu wa kuushika ukaze, basi akaushika. Huku nyuma mihogo ilisahaulika majini mpaka ikalainika yenyewe, na bukari ikatoka tamu. Chomba aliongeza tonge, akamwangalia mkewe, akaongeza lingine.

Mvua zikaja. Serikali ikafunga uvuvi kama kila mwaka, ili samaki wazaane, na mitumbwi ikalala kifudifudi. Ni wakati wa kushona nyavu. Alasiri moja walikuwa wameketi hivyo, Chomba na sindano yake, Florentine na upande wake wa wavu.

"Bana Felistus."

"Mm."

"Bamepata mutu wa kulinda?"

"Hapana."

Chomba alifunga fundo, akafunga jingine. Zamani, katika nafasi ya mafundo hayo, Florentine angekuwa amekwisha kumaliza hotuba na kuanza nyingine. Alivuta wavu ukakaza.

"Na miye nilikuwa namungoja," Chomba akasema.

"Nani?"

"Ule mutu." Alinyoosha sindano kuelekea matete. "Ile siku mulinikamata mikono, ng'wena ilikuwa ku kushoto, chini ya matete." Hivyo ndivyo alivyomwita mamba, kwa Kibemba chake. "Nilikuwa naiangalia. Beye banaimba, miye naiangalia. Sasa nifunge macho, niingie chini ya mayi, nani anabakia kuangalia? Pasta?"

Wote wawili walimfikiria Pasta Ruffin.

"Nilimuomba Pitchou ajifunze," Chomba akaendelea. "Alikuja siku moja. Akaona macho ya ng'wena, akakumbuka iko na kazi ku nyumba. Nikamuomba Patson. Akasema Mungu atalinda. Nikaona, bon, nimuombe Mungu alete mutu. Nikangoja."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu zamani."

"Donc ulikuwa unataka ubatizo."

"Ndiyo."

"Na haukuniambia."

"Haukuniuliza," Chomba akasema, bila lawama yoyote. "Ulikuwa unaniambia."

Florentine alisikia aibu inampanda mpaka masikioni. Miaka yote hiyo watu wawili katika nyumba moja walimwomba Mungu mmoja jambo moja, na mmoja wao alipiga kelele hata hakumsikia mwenzake. Angeweza kulia, angeweza kucheka. Akauliza swali badala yake, na alipokwisha kuliuliza akafunga mdomo, angoje jibu.

"Na miye? Miye ni mutoto wa muvuvi. Mayi nayijua."

Chomba alishusha sindano. "Weye uko na haraka," akasema. "Utaona gogo, utasema ng'wena. Utaona ng'wena, utasema gogo, sababu unataka kurudia ku nyumba."

"Unifundishe."

Alikata uzi kwa meno. "Kesho tutaangalia," akasema.

Walianza kwenda asubuhi. Alimsimamisha kwenye maji ya kiunoni, upondo mikononi, uso kwenye ziwa. Piga maji. Nyamaza. Tazama mstari wa matete, tazama pale maji yanapokwenda kinyume cha upepo. Na usigeuke nyuma. Yaliyo nyuma ni ya pasta. Yako ni ya mbele. Florentine alisema ameelewa. Jirani akamsalimia kutoka mchangani, naye akageuka kuitikia.

"Umekufa," Chomba akasema.

Akaomba Mungu amsaidie, akafumba macho kama mtu anavyofumba akiomba. "Umekufa." Akaanza kumweleza mumewe habari aliyoisikia kwa Mama Yolande. "Umekufa. Na Mama Yolande pia." Siku nyingine alitangaza mamba, wakakimbia wote wawili, na mamba akaja polepole mpaka ufukweni akakwama mchangani, ana matawi. Florentine alishikilia kwamba alikuwa mamba hadi walipompeleka nyumbani kuwa kuni.

Lakini alirudi kila asubuhi. Alikuwa amedhani kungoja ni kukaa mikono mitupu mpaka kitu kije, na huku majini aliyengoja namna hiyo alikuwa maiti. Huku mtu alingoja kwa macho wazi na miguu imeshika chini, na hakuna wa kumwambia itakuwa saa ngapi. Polepole alianza kuliona ziwa bila kulidai kitu. Aliyajua maji yanayochezwa na samaki na maji yanayosukumwa kutoka chini. Yale maneno yake machache aliyasema akiwa ametazama, niko hapa, na hasira ndani yake ikapungua mpaka siku moja akatambua kwamba haipo. Asubuhi hiyo Chomba hakusema neno tangu jua linachomoza hadi linachoma. Kisha akasema, "Twende tukakule." Cheti kingine hakupewa.

Tarehe ya ubatizo ilitangazwa, Jumamosi kabla ya Pasaka. Florentine alimwendea pasta. "Kulinda, nitalinda miye," akasema.

Pasta Ruffin alimtazama, akatazama mikono yake iliyoota sugu za upondo. "Na ndugu Chomba? Atabatizwa?"

"Sijui, Pasta."

Hakuna mtu katika kanisa lile aliyewahi kumsikia akisema neno hilo. Na kweli hakujua. Hakuwa amemuuliza mumewe, si kwa kununa, ila kwa sababu alikwisha kuambiwa ndiyo, na siku ilikuwa mali ya watu wengine wawili, Chomba na Mungu, ambao wote hawakuwa na haraka. Ilimuuma. Usiku aligeuka kitandani, lakini mdomo ulibaki umefungwa.

Jumamosi hiyo watu walishuka wakiimba. Chomba alikuwa ameketi kwenye mtumbwi uliopinduliwa, anatazama. Florentine alimpita, akaingia majini na nguo zake, akawazunguka wote, akasimama upande wa nje. Pitchou alifungua mdomo kusema jambo kuhusu mwanamke na mamba, akatazama yale matete, akaufunga. Kazi ikaanza. Florentine alisikia nyuma yake bibi wa Kenani akitetemeka kwa baridi na furaha, akasikia maji, akasikia shangwe. Alipiga maji kwa upondo. Akaja mwingine, na mwingine. Mbele yake ziwa lilikuwa limetulia, jeupe kwa jua, na matete yalisogea kwa upepo tu.

Wa mwisho alitoka. Wimbo ukapungua. Hapa ndipo pasta alipokuwa amemwita mtu mara ile. Leo Pasta Ruffin hakumwita mtu. Alikohoa, akasimama katikati ya maji, akangoja, na kwa mwanamume mwenye sauti kama ile kulikuwa kungoja kwa muda mrefu.

Kisha Florentine alisikia miguu ikiingia majini. Aliijua. Ilikuwa ikirudi kwake tangu alipokuwa msichana, miguu isiyoinuka mmoja kabla mwingine haujakaa sawasawa. Pasta Ruffin aliuliza yale anayowauliza wote.

"Ee, mukwai," mtu akajibu.

Wakati huo huo, upande wa kushoto, chini ya matete, maji yalivimba kidogo yakatulia. Labda samaki. Labda gogo. Kila Pasaka na kila Noeli Florentine alikuwa amemsumbua Mungu amjalie kuona jambo hili kwa macho yake, na sasa lilikuwa nyuma ya bega lake, karibu kiasi kwamba matone yalimfikia mgongoni. Ilibaki kugeuza shingo tu. Machozi yalimshuka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa kuwa yote miwili ilikuwa kwenye upondo. Alisikia maji yakifunguka. Alisikia yakijifunga. Katikati pakawa kimya, na ndani ya kimya hicho mumewe alikuwa chini, macho yamefumba, na katika ziwa zima hakuna mwingine aliyekuwa akimwangalizia.

Akainua upondo, akapiga maji, akaendelea kutazama matete.